UZI: Jiwe la figo lisilouma – lini unaweza kusubiri, lini usisubiri

#1 KaliksiYaChini

Wakuu, siku hizi ultrasaundi ya tumbo inapigwa kwa kila sababu: mimba, vidonda vya tumbo, uchunguzi wa afya kazini. Watu wanatoka na karatasi inayosema wana jiwe kwenye figo, na hawajawahi kuumwa hata mara moja. Wengine wanakimbilia mizizi, wengine karatasi inaishia droo. Uzi huu ni wa hao wote.

Kwanza mjue hali hii ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa. Huko Wisconsin, Marekani, watu wazima zaidi ya 5,000 waliopigwa CT (picha ya eksirei ya kompyuta) kwa ajili ya uchunguzi wa utumbo mpana, wasio na dalili za mawe, walikaguliwa: karibu 8 kati ya kila 100 walikuwa na jiwe la figo. Kwa hiyo kukutwa na jiwe hakumaanishi figo inakufa.

Jiwe lililokaa kwenye kaliksi (vile vyumba vidogo ndani ya figo vinavyopokea mkojo kabla haujakusanyika kwenye pelvisi ya figo) kwa kawaida haliumi. Maumivu makali huanza jiwe likitoka, likaingia kwenye mrija unaoshuka kibofuni na kuziba. Mkojo unarudi nyuma, figo inatanuka, na hapo mtu anagaagaa sakafuni. Kinachouma ni kule kuziba. Ndiyo maana mtu ana jiwe la mm 9 yuko sokoni anauza nyanya, na mwenye la mm 4 amebebwa usiku kwenda hospitali.

Kusubiri kunakubalika kitaalamu iwapo jiwe halizibi, halina maambukizi, figo zote mbili zinafanya kazi, na mwenye nalo atarudi kupimwa. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Ratiba ya kawaida ni picha baada ya miezi 6, kisha mara moja kwa mwaka. Katika ufuatiliaji mmoja wa Marekani wa mawe 160 yasiyo na dalili, kwa wastani wa zaidi kidogo ya miaka mitatu, 28 kati ya 100 yalikuja kuleta dalili. Machache sana, kama 2 kati ya 100, yaliziba figo kimyakimya bila maumivu yoyote. Hayo machache ndiyo sababu ya picha ya kila mwaka. Maumivu peke yake si mlinzi wa kutegemewa.

Wasiofaa kusubiri nitawataja chini. Wenye utaalamu wa picha, dawa na lishe, karibuni.

#2 Mama_Rukia

Ahsante daktari. Swali: ripoti inasema figo zote mbili zina mawe madogo mengi ya mm 2 hadi 3. Picha ya mwezi uliofuata kituo kingine inasema hakuna kitu. Yametoka yenyewe au?

#3 PichaNyeusi

Dada, uwezekano mkubwa hayakuwepo. Hili ni tatizo la kila siku kwenye vyumba vyetu vya picha, ngoja nilieleze vizuri.

Katikati ya figo kuna mafuta na mishipa ya damu, na vyote hivyo hung'aa kwenye ultrasaundi. Nukta nyeupe ya mm 2 inaweza kuwa ukuta wa mshipa, hasa kwa mtu mwenye presha au kisukari cha muda mrefu ambaye mishipa yake imeanza kuwa migumu. Mpigaji mwenye haraka anaandika "jiwe". Anayejali anafanya haya kwanza:

– Anatafuta kivuli cheusi nyuma ya nukta. Jiwe la kweli huzuia sauti, kwa hiyo nyuma yake panakuwa na mstari mweusi. Mawe chini ya mm 5 mara nyingi hayatoi kivuli kizuri, na hapo ndipo utata unapoanza.
– Anashusha fokasi ya mashine hadi usawa wa nukta yenyewe, anapunguza geini (nguvu ya mng'ao wa picha), na anazima ule mfumo unaochanganya picha za pembe nyingi. Mfumo huo unapendezesha picha lakini unafuta kivuli.
– Anawasha rangi za Dopla, zile zinazoonyesha damu inavyotembea. Nyuma ya jiwe rangi hucheza nyekundu na buluu zikichanganyika ovyo, kama cheche. Mshipa wa damu unatoa rangi tulivu inayofuata mapigo.

Nukta isiyo na kivuli na isiyo na cheche, mimi siiti jiwe.

Halafu kuna suala la ukubwa. Ultrasaundi hukuza mawe madogo. Jiwe la mm 3 linaweza kusomeka mm 5, na mpigaji mwingine akasoma mm 6. Mgonjwa anaambiwa "limekua maradufu" na anapangiwa upasuaji, kumbe ni mikono miwili tofauti. Kupima upana wa kivuli chenyewe hukaribia ukweli zaidi ya kupima ile nyeupe inayong'aa. Ushauri wangu: fuatilia kwa mashine ileile, ikiwezekana mpigaji yuleyule, na uende na picha za zamani mkononi, si karatasi ya maneno tu. Tofauti ya mm 1 au 2 kwenye ultrasaundi msiihesabu kuwa ukuaji.

Kosa la tatu ni kibofu kilichojaa. Mnaambiwa mnywe maji na mbane mkojo. Kibofu kikijaa sana, figo zinaweza kuonekana zimetanuka kidogo, na ripoti ikaandika zimeziba. Ukiona hivyo, omba ukakojoe, urudi kitandani, zipigwe tena. Zikirudi kawaida, hazikuwa zimeziba.

Ripoti inayofaa kufuatilia iwe na mambo manne: ukubwa kwa milimita, figo ipi na kaliksi ipi (ya juu, ya kati au ya chini), kuna kivuli au hakuna, figo imetanuka au haijatanuka. Ikikosa moja, rudi uulize kabla hujaondoka.

#4 KaliksiYaChini

Naunga mkono yote. Naongeza tu kwamba pale uamuzi unapokuwa mzito, yaani mnazungumzia upasuaji au jiwe linaonekana na halionekani, ndipo CT isiyo na dawa ya mshipani inapofaa, ya kiwango kidogo cha mionzi. Si kwa kufuatilia kila mwaka. Mionzi inajumlishana.

#5 Chuma_Ulete

Mkuu, mgongo unauma upande huohuo wa jiwe, ripoti inasema mm 4 kaliksi ya chini, figo haijatanuka. Nimeandikiwa tamsulosini mwezi mzima ili litoke. Ni sawa?

#6 KaliksiYaChini

Mkuu, tuanze na mgongo. Maumivu ya jiwe lililoziba huja kwa mawimbi, hushuka ubavuni kuelekea kwenye kinena, na mtu hatulii: anakaa, anasimama, analala, hakuna mkao unaomsaidia. Huambatana na kichefuchefu, na mara nyingi damu kwenye mkojo, hata isiyoonekana kwa macho. Maumivu yanayozidi ukiinama au ukibeba ndoo na kupungua ukilala chali ni ya misuli au pingili. Jiwe la mm 4 kwenye figo isiyotanuka ni mshukiwa dhaifu. Usije ukatolewa jiwe halafu mgongo ukabaki vilevile.

Kuhusu tamsulosini: inalegeza misuli ya mrija, hasa sehemu ya chini karibu na kibofu. Faida yake imeonekana kwa mawe yaliyokwisha kuingia mrijani, hasa ya mm 5 hadi 10. Jiwe lililokaa ndani ya kaliksi haliko mrijani, kwa hiyo dawa haina pa kufanyia kazi. Unabaki na kizunguzungu ukiinuka kitandani na, kwa wanaume, mbegu kutotoka vizuri. Rudi kwa aliyekuandikia umwulize lengo lilikuwa nini.

#7 DawaBaridi

Upande wa duka la dawa, kabla hujanunua cha kuyeyusha, kagua unachomeza tayari.

Vidonge vya tumbo vya magnesiamu trisiliketi, vile vyeupe vya kutafuna vinavyouzwa bei chee kila mahali, vikitumika kwa miezi na miaka huweza kutengeneza mawe ya silika. Watu wanavila kama pipi. Vitamini C zaidi ya mg 1,000 kwa siku hugeuka oksaleti mwilini, chumvi inayoshikana na kalsiamu kuwa jiwe. Vile vya kuyeyusha kwenye glasi vingi ni mg 1,000 kimoja, na mtu anatumia viwili. Topiramati ya kifafa na kipandauso huongeza mawe ya fosfati. Atazanaviri, iliyomo kwenye mstari wa pili wa dawa za VVU (za kubadilishiwa zile za kwanza zikishindwa), inaweza kutengeneza jiwe la dawa yenyewe, na jiwe hilo linaweza lisionekane kwenye eksirei wala CT. ARV USIACHE kwa sababu ya uzi huu. Nenda kliniki yako, sema una jiwe, wakubadilishie wao.

Sasa kuyeyusha. Jiwe linaloyeyuka kwa dawa ya kunywa ni la asidi ya yuriki. Mengi ni ya kalsiamu oksaleti, na hayo hayayeyuki kwa kitu chochote kinachouzwa chupani, kiwe cha kizungu au cha porini. La yuriki dalili zake: eksirei hailioni ila ultrasaundi inaliona, kipimo cha CT kinaonyesha ugumu mdogo, na pH (kipimo cha tindikali; namba ndogo ni tindikali zaidi) ya mkojo asubuhi iko chini ya 5.5 mara kwa mara. Mwenye gauti, uzito mkubwa au kisukari ndiye mlengwa.

Tiba yake ni potasiamu sitreti au sodiamu baikaboneti kwa maelekezo ya daktari, pH ikipandishwa hadi 6.5–7 na kupimwa kwa vijiti vya mkojo asubuhi, mchana na jioni. Huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Ikizidi 7 kwa muda mrefu unakaribisha mawe ya fosfati. Potasiamu sitreti ni hatari kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia spironolaktoni, lisinoprili na jamii yake, kwa sababu potasiamu hupanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Hii si dawa ya kununuliana dirishani.

#8 MezaYaJikoni

Nimeona mahali watu wanaambiwa waache maziwa na dagaa "kwa sababu jiwe ni kalsiamu". Ushauri huo ni wa kinyume kabisa. Kalsiamu ya chakula hukutana na oksaleti tumboni, vikashikana na kutoka na choo. Ukiondoa maziwa, oksaleti inabaki huru, inaingia kwenye damu na kuishia kwenye figo. Huko Parma, Italia, wanaume 120 wenye mawe yanayojirudia walifuatiliwa miaka 5. Waliopewa kalsiamu ya kawaida lakini chumvi na nyama kidogo, 20 kati ya 100 walipata jiwe tena. Waliopunguziwa kalsiamu, 38 kati ya 100. Matokeo yalitoka 2002 na bado watu wanakatazwa maziwa.

Kiasi: mg 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha ml 250 cha maziwa au mtindi kina kama mg 300. Kiende PAMOJA na mlo wenye oksaleti, si saa tatu baadaye.

Vyenye oksaleti nyingi tunavyokula: mchicha, spinachi, viazi vitamu, karanga, korosho, kakao, na chai ya rangi iliyokolea. Sukuma wiki na kabichi zina kidogo. Mchicha si lazima uuache: chemsha kwenye maji mengi, yamwage yale maji, kisha ndipo uunge. Sehemu kubwa ya oksaleti inayoyeyuka inaondoka na yale maji. Halafu kula na mtindi pembeni. Tui la nazi halisaidii hapa, lina kalsiamu kidogo sana. Chai ya maziwa ni bora kuliko strungi kwa sababu hiyohiyo.

Chumvi ndiyo adui mkubwa kuliko mchicha. Sodiamu ikipita kwenye figo huvuta kalsiamu kuingia kwenye mkojo. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima, kwa vyote. Tatizo ni ile isiyoonekana: viungo vya mchuzi vya paketi, ng'onda, chipsi, soseji. Kachumbari ya kwenye nyama choma nayo inatiwa chumvi kwa mkono wa ukarimu.

Dagaa: kalsiamu nzuri kwa sababu ya miiba, lakini wana purini nyingi, ambayo mwilini hugeuka asidi ya yuriki. Mwenye jiwe la yuriki apunguze, mwenye la oksaleti ale kwa kiasi. Mimi sipendi orodha moja ya makatazo kwa watu wote.

Limau au ndimu: sitreti yake huzuia fuwele kushikana. Kama ml 120 za juisi kwa siku ndani ya lita 2 za maji, bila sukari. Suuza mdomo baadaye, tindikali inakula meno.

Na bia haisafishi figo. Inakukojoza, kisha usiku inakukausha.

#9 BinSeif_Muscat

Ndugu zangu, sisi tuko Omani, kazi ya nje kwenye jua. Mnasema maji mengi. Mengi ni kiasi gani? Na mwezi wa Ramadhani je?

#10 MezaYaJikoni

Kaka, usihesabu unachokunywa, hesabu unachotoa. Lengo ni mkojo lita 2.5 kwa saa 24. Huko Parma pia, watu 199 waliokuwa na jiwe la kwanza waligawanywa. Baada ya miaka 5, walioongezewa maji 12 kati ya 100 walirudiwa na jiwe, wasioongezewa 27 kati ya 100.

Pima hivi siku moja ya kazi na siku moja ya mapumziko. Chukua dumu safi la lita 5. Amka, mfano saa 12 asubuhi, kojoa chooni, hiyo usiihesabu. Kuanzia hapo kila tone liingie dumuni, pamoja na la usiku, na la saa 12 asubuhi inayofuata liingie pia. Kisha pima kwa chupa ya lita moja na nusu. Ikitoka lita 1.2, unajua pengo lako. Kwenye jua la Ghuba huenda ukahitaji kunywa lita 4 au zaidi kupata 2.5, kwa sababu nyingine inatoka kwa jasho. Sambaza kwa siku nzima. Lita 2 kwa mkupuo hutoka ndani ya saa mbili na mchana uliobaki mkojo ni mzito. Glasi moja kabla ya kulala, na nyingine ukiamka usiku kukojoa.

Ramadhani: gawa kati ya futari na daku, glasi mbili kila saa mpaka ulale, kisha daku isiwe na chumvi nyingi. Funga ikiangukia miezi ya joto na kazi ni ya juani, ongea na daktari kabla ya mwezi kuandama, hasa kama una figo moja au ulishawahi kuziba.

Mwenye moyo kushindwa au figo zilizofika hatua mbaya ASIFUATE kiasi hiki.

#11 Mzee_wa_Hoja

Mnazungukazunguka. Kuna utafiti wa 2022 uliosema mawe madogo yasiyouma yatolewe. Kwa nini kumwacha mtu anatembea na bomu?

#12 KaliksiYaChini

Mzee wangu, utafiti huo naujua, na ni mzuri, ila usome walikuwa kina nani. Walikuwa wagonjwa ambao tayari wanaingia chumba cha upasuaji kwa jiwe JINGINE linalowasumbua, na wakati huohuo wana mawe madogo ya hadi mm 6 yaliyokaa kimya. Waliotolewa yote kwa pamoja, 16 kati ya 100 walirudiwa na tatizo. Walioachiwa madogo, 63 kati ya 100. Muda wa upasuaji uliongezeka kama dakika 25. Kwa hiyo kama unaingizwa kamera kwa sababu nyingine, mwambie daktari asafishe na hayo madogo. Hapo nakubaliana nawe kabisa.

Mwenye jiwe la kimya peke yake ni habari nyingine. Utafiti wa Uingereza wa 2001 uliwavunjia watu mawe madogo yasiyouma kwa mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya mwili, na kuwalinganisha na walioangaliwa tu. Haukuonyesha faida ya wazi kwa kubaki bila jiwe wala kwa hali ya maisha, ingawa walioangaliwa walielekea zaidi kuhitaji taratibu nzito baadaye. Kuvunja nako kuna gharama yake: vipande hushuka na kuziba mrija, na vya kaliksi ya chini hubaki palepale kwa sababu vinatakiwa kupanda kabla ya kushuka.

Hawa ndio wasiosubiri, au wasubiri kwa masharti magumu:

Mwenye figo moja. Mwenye jiwe linalozidi mm 15, au linaloendelea kukua kwa picha zinazolinganishika. Mwenye UTI zinazojirudia zenye bakteria walewale, hasa Proteus. Mwenye jiwe lenye matawi linalojaza vyumba vya figo kama mizizi ya tangawizi. Hilo laweza kukaa miaka bila kuuma huku likiimaliza figo, na ndilo linalotuumiza vichwa zaidi. Mwanamke anayepanga kubeba mimba, maana katika mimba hatuvunji kwa mawimbi na CT tunaikwepa. Rubani na baharia. Na yeyote ambaye hospitali iko siku nzima ya safari.

Ukitolewa jiwe ukawekewa mpira wa ndani kati ya figo na kibofu, andika tarehe ya kuutoa kwenye simu yako na ya ndugu yako. Kwa kawaida hauzidi miezi 3. Ukisahaulika unaota mawe juu yake, na kuutoa kunakuwa operesheni kubwa kuliko ile ya kwanza.

#13 Kipima_Mkojo

Maabara kwa kifupi. Mwenye jiwe la kimya apimwe kreatinini (inayoonyesha kazi ya figo), kalsiamu ya damu, asidi ya yuriki, na mkojo wa kawaida. Kalsiamu ikiwa juu, usiishie hapo: pima homoni ya paratiroidi, kwani kuna tezi shingoni inayoweza kuwa chanzo.

"Fuwele za oksaleti" kwenye mkojo peke yake si ugonjwa. Mkojo uliokaa mezani saa mbili ukipoa unatengeneza fuwele. Na chembe za usaha chache kwa mtu asiye na dalili zisipelekee antibayotiki kila mwezi; otesha mkojo kwanza, yaani maabara ione kama kuna bakteria wanaoota. Ukipitisha jiwe, usilitupe. Kojoa kupitia chujio la chai (likabaki la kazi hiyo), likaushe, lipeleke likachambuliwe.

#14 Mama_Rukia

Nashukuru sana. Kwa hiyo nirudi miezi 6. Kabla ya hapo nikimbie hospitali kwa dalili ipi?

#15 KaliksiYaChini

Dada, homa au kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu: usiku huohuo, usisubiri asubuhi. Mkojo uliooza nyuma ya jiwe lililoziba huingia kwenye damu kwa saa chache, na vidonge vya nyumbani havifiki pale. Figo inahitaji kutolewa mkojo kwanza. Vilevile mkojo ukikata kabisa, au kutapika kukikuzuia kunywa.

Na hili linasahaulika: ukipata maumivu makali kisha yakaisha ghafla, usiseme limetoka. Kama hukuliona kwenye chujio, piga picha ndani ya wiki 4. Jiwe linaweza kubaki mrijani likiwa limeacha kuuma, na figo iliyoziba kabisa hupoteza uwezo ndani ya wiki kadhaa.

Kwako wewe, kwa kuwa ripoti mbili zinapingana, picha ya miezi 6 nenda na kibofu chenye mkojo wa wastani, beba picha zote mbili za zamani, na mwambie mpigaji akuwashie rangi.

#16 PichaNyeusi

Na akishaona nukta, aihifadhi picha yenye kipimo juu yake. Picha isiyo na kipimo haitusaidii mwaka unaofuata.